Apolo Kivebulaya, Mtu Aliyerudi Mboga

  

Mara hii tumeona vema tusimulie maisha ya mtumishi mmoja wa Mungu aliyelala zamani, na tutawaambia kwanza sababu. Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya, mtu wa kwetu Ituri, alibaki nyuma wenzake walipokwisha kuondoka. Mwenye nyumba alikuwa amemfungia mlango kwa deni la kodi ya miezi miwili, na watoto walikuwa wamelala kwa jirani. Hakuomba pesa. Alituuliza kama anatenda dhambi kila anapoimba kwamba Mungu ni mwema, ilhali moyoni haoni wema huo uko wapi. Tulimsomea andiko, tukaomba naye, akatushukuru kwa heshima kama mama zetu walivyo, akaenda zake. Lakini sisi wenyewe tulijua kwamba hatukumjibu.

Siku iliyofuata tulikuwa na shughuli za karatasi upande wa Mengo, na tulipomaliza foleni tukapanda kilima cha Namirembe, tukakaa chini ya mti karibu na kanisa kuu. Hapo ndipo tulipomkumbuka Apolo. Maana kanisa lile lilimfanya kuwa kanoni wake mwaka 1922, wakati yeye alikuwa akiishi ng'ambo ya milima, katika nchi ambayo baadhi yetu tumeikimbia.

Alizaliwa hapa Buganda, yapata mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa mtoto wa kiume aliyetangulia kutoka katika mapacha. Ujana wake haukuwa wa mtakatifu. Ilikuwa miaka ya vita vya dini hapa Buganda, Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wakipigania kiti cha Kabaka. Naye alifuata Uislamu kwa muda, akachukua silaha kama vijana wenzake. Alikuwa amemsikia mmisionari Mackay akifundisha, na mbegu ile ilikaa moyoni muda mrefu kabla ya kuota. Alikuwa na mchumba, lakini binti yule alifariki, na Apolo hakuoa tena maisha yake yote.

Alibatizwa mwaka 1895, mtu mzima wa miaka kama thelathini, akachagua jina la Apolo, yule mhubiri wa Kitabu cha Matendo. Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Alipenda kuvaa koti jekundu la askari juu ya kanzu yake nyeupe, na Waganda, ambao kwa utani hawashindwi na mtu, wakamwita kitu kilichotoka Ulaya. Jina la mzaha likawa jina lake hata kaburini.

Mwaka huo huo alikwenda Toro kuwa mwalimu wa injili. Toro ilikuwa imefunguka, mfalme Kasagama ameamini. Lakini ng'ambo ya Rwenzori na mto Semliki, pembeni mwa msitu mkubwa wa Ituri, kulikuwa na Mboga, ambayo leo tunaiita Boga. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia huko. Mtawala wa Mboga, Tabaro, aliwapokea mwanzoni, kisha walipogusa mambo ya pombe na ya wake wengi akageuka. Hakuwaua. Aliwakataza watu wake wasiwape wala kuwauzia chakula. Njaa ikawarudisha.

Wapendwa, silaha hiyo tunaijua. Ninyi mlioko makambini mmeijua zaidi tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2023. Mtu anaweza kustahimili matusi, lakini sufuria tupu inasema kwa sauti kubwa kuliko mhubiri. Kwa hiyo hatuwalaumu walimu wale wawili hata kidogo, na wanaowasimulia kama waoga tunadhani hawajawahi kulala njaa.

Mwishoni mwa mwaka 1896 Apolo alijitoa kwenda mahali pao. Alivuka milima, akashuka bonde la Semliki lenye joto na mbu, akavuka mto, akafika. Alishika jembe akalima shamba lake mwenyewe, ili asiwe mtu wa kungoja ruhusa ya Tabaro ndipo ale. Akaanza kufundisha kusoma, na wachache wakamfuata, hasa vijana. Tabaro akakasirika tena. Apolo alipigwa, nyumba yake ikachomwa moto, waliomsikiliza wakatishwa.

Kisha likaja jambo baya kuliko fimbo. Watu walipokuwa wakishughulika na mabua ya kujengea, dada yake Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa umefichika ndani ya mabua, akafa. Ilikuwa ajali. Lakini Tabaro alitangaza kwamba Apolo ameua, akamfunga, akampeleka Toro kwa Waingereza kama muuaji. Yule aliyekwenda Mboga kwa hiari, akihubiri amani, alivushwa Semliki kwa mara nyingine akiwa mfungwa wa damu.

Hapa tunawaomba msipite haraka. Mtu akipigwa kwa ajili ya imani, angalau ndugu zake watasema ni shujaa. Mtu akisingiziwa kuua, na mwanamke aliyekufa amekufa kweli, ni nani atakayemtetea? Wako miongoni mwetu waliokimbia si kwa sababu ya risasi bali kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye orodha, au neno la jirani. Wanajua usiku wa namna hiyo ulivyo mrefu.

Katika siku zile za mateso Apolo alipata maono, na alisimulia jambo hilo hadi uzee wake. Alimwona Yesu Kristo aking'aa kama jua, akimwambia asiogope, kwa kuwa yuko pamoja naye. Hayo tu. Katika masimulizi yake hakuna minyororo iliyokatika wala mlango uliofunguka wenyewe kama ule wa Petro. Hakuahidiwa tarehe ya kutoka. Alikuja kuachiliwa baadaye kwa sababu hakuonekana na hatia, kwa njia ya kawaida, kama kesi nyingine yoyote inavyokwisha.

Tulipokuwa Bible college tulifundishwa kuutafuta wema wa Mungu katika matokeo: aliomba, akajibiwa, akapona. Maisha ya Apolo yametusumbua katika hilo. Inaonekana kwake wema wa Mungu ulimjia kabla ya matokeo, angali mtuhumiwa, na haukubadilisha kitu chochote ambacho mlinzi angeweza kukiona. Alipata mwenzi gizani. Kama tungekuwa tumelifikiri hilo mapema, pengine tungemwambia mama yule kwamba anayeimba nje ya mlango uliofungwa hasemi uongo. Mlango umefungwa kweli, kodi inadaiwa kweli, na anayemwimbia yuko naye kibarazani.

Alipoachiliwa, Apolo alirudi Mboga. Wengi walimshangaa, na wa kwanza ni Tabaro, aliyedhani amekwisha kumwondoa mtu huyo. Mtawala alianza kusikiliza. Mwishowe aliomba ubatizo, akaitwa Paulo. Msomaji afahamu jina hilo lilivyomfaa.

Lakini tusieleweke vibaya. Hatumtumii Apolo kumwambia mtu yeyote arudi kwenye kijiji kinachowaka moto. Apolo hakuwa na mke wala watoto wa kubeba mgongoni, na alirudi kwa wito wake, si kwa kusukumwa na mtu. Anayewahimiza wakimbizi warudi kwa kutumia mahubiri, huku yeye akilala salama, asimtaje Apolo.

Aliwekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1900, na kuwa kasisi mwaka 1903. Miaka mingi ya kati alitumika Toro, akitembea kwa miguu, akilima, akilea vijana waliokaa nyumbani kwake kama wanawe. Hayo tunayapita upesi, ingawa yalichukua zaidi ya miaka kumi.

Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakipima mipaka. Mboga ilikuwa imehesabiwa upande wa Uganda, lakini baada ya mapatano ya mwaka 1910 ikawa ndani ya Kongo ya Wabelgiji. Mto ni ule ule, ndugu ni wale wale, ila kwa mstari wa kalamu waumini wa Mboga wakajikuta katika nchi nyingine na walimu wao. Apolo alipohamia huko tena, yapata mwaka 1915, alikuwa sasa mgeni chini ya serikali ngeni. Mganda mgeni Kongo, kama sisi Wakongomani tulivyo wageni Uganda. Alikaa huko hadi mwisho. Mara nyingi tunalalamika, na kwa haki, juu ya maisha ya mtu asiye na nchi mahali anapolala. Tunapata faraja kidogo kujua kwamba kanisa letu lilipandwa na mtu wa namna hiyo.

Tangu mwaka 1921 hivi, akiwa karibu na miaka sitini, alianza kuingia msituni kwa Wambuti. Tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Wambuti tuliwadharau kule nyumbani, na wengine wetu tumevuka mpaka na dharau hiyo ndani ya mzigo. Apolo aliingia katika makambi yao ya majani, akakaa nao, akala nao, akaanza kutafsiri Injili ya Marko kwa lugha ya watu wa msitu. Wakristo wa Mboga ambao jana walikuwa ndio wanaohubiriwa walibidi wajifunze kukaa benchi moja na watu waliowaona kuwa chini yao. Kwa maoni yetu hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kumgeuza Tabaro, maana mtawala mmoja huweza kubadilika kwa siku moja, lakini dharau ya kijiji kizima haina siku moja.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameacha agizo juu ya mazishi yake. Desturi ilimtaka alazwe kichwa kikielekea mashariki, yaani nyumbani kwake Buganda. Yeye aliomba kichwa kielekee magharibi, kwenye msitu, kwa kuwa kazi ya huko haijaisha. Wakamzika hivyo.

Ile mbegu ilikua. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya askofu, na kutoka hapo kanisa la Anglikana likaenea katika Kongo. Tungependa kuishia hapo, kama vitabu vingi vinavyofanya. Lakini ninyi mnajua yaliyofuata, mengine mmeyaona kwa macho. Vita vya Ituri vilivyoanza mwaka 1999 viliwatawanya watu wetu, na wengi tulivuka Ziwa Albert au Semliki tukielekea mashariki, kinyume cha nyayo za Apolo, na magodoro kichwani. Halafu usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, yaani usiku uleule wa siku ya kumkumbuka Apolo, watu wenye silaha waliingia Boga na Tchabi wakaua watu zaidi ya 50, wakiwemo waliokuwa wamekimbilia hapo kutoka vijiji vingine. Siku chache baadaye hospitali ya Boga nayo ilivamiwa.

Hatuna maelezo ya kuliweka jambo hilo mahali pake. Mtu akituambia kwamba Mungu aliruhusu ili kanisa likue, tutamwomba anyamaze. Tunachoweza kusema ni kwamba Apolo hakuhubiri Mungu ambaye watu wake hawachomewi nyumba. Yake ilichomwa. Alimhubiri yule aliyemjia baada ya nyumba kuchomwa, na waliomwamini Mboga hawakudanganywa tangu mwanzo juu ya bei yake.

Tulimsimulia mama yule habari hizi, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za kanisa, watoto wakicheza na chupa tupu. Ndugu wawili wa kwaya walikuwa wamemchangia kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba alikubali kungoja wa pili. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kama swali lake limejibiwa, nasi hatukumuuliza.

Kila tarehe 30 Mei, katika ibada ya kumkumbuka Apolo, kanisani kwetu tunasoma pia majina ya waliouawa usiku ule. Orodha inakaa ndani ya Biblia ya mimbarani, imeandikwa kwa mkono. Juma lililopita mama huyo alituletea karatasi ndogo yenye majina mawili tuyaongeze, la kaka yake na la shangazi yake, kisha akauliza ni nani atakayeanzisha wimbo siku hiyo, maana angependa awe yeye.