Peter Gorer: Aliyegundua ‘kitambulisho’ cha seli, Nobel ikampita

Kabla ya mtu kumpa ndugu yake figo, madaktari hupima kama seli za wawili hao zinaoana. Kipimo hicho kina mizizi yake kwa panya wa maabara, na kwa jamaa mmoja wa London ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia: Peter Gorer.

Gorer alizaliwa Aprili 14, 1907. Akiwa na miaka 8 tu alimpoteza babake, muuzaji wa sanaa za Kichina, meli ya Lusitania ilipozamishwa Mei 1915.

Alisomea udaktari Guy's Hospital, kisha akafunzwa jenetiki na J.B.S. Haldane. Siku hizo, watafiti waliopandikiza uvimbe wa saratani kwa panya walishangaa: panya mmoja anakufa, mwenzake anaukataa uvimbe na maisha yanaendelea. Mbona?

Mwaka 1936, Gorer alijaribu damu za panya wa koo tofauti, akitumia hata maji ya damu yake mwenyewe. Kumbe seli zina alama juu yake, kama kitambulisho! Moja aliiita Antijeni II. Kufikia 1938 alikuwa ameonyesha kuwa panya asiye na alama hiyo huukataa uvimbe ulio nayo, na hutengeneza kingamwili za kuushambulia.

Vita vya Pili vya Dunia havikumzuia. Mwaka 1942 alichapisha utafiti kuhusu kingamwili na lukemia ya panya, yaani saratani ya chembe nyeupe, zile zile zinazopaswa kuulinda mwili. Askari anapogeuka mhalifu, alama zake bado zinamfichua.

Mwaka 1946 alivuka bahari hadi Jackson Laboratory, Bar Harbor, Marekani. Huko yeye na George Snell waligundua kwamba walikuwa wakifuata kitu kimoja kwa njia mbili. Wakakiita H-2. Binadamu naye ana mfumo kama huo, unaoitwa HLA, na ndio hupimwa kabla ya kupandikiza figo.

Gorer aliingia Royal Society mwaka 1960. Mwaka mmoja baadaye, Mei 11, 1961, saratani ya mapafu ilimuua akiwa na miaka 54 tu.

Nobel ya kazi hii ilitolewa 1980. Snell akaipokea pamoja na Jean Dausset na Baruj Benacerraf. Marehemu hapewi Nobel, basi jina la Gorer likabaki nyuma. Lakini kila figo inayokubalika mwilini mwa mgeni ina deni kwake.