Mtakatifu Patrick: Mtumwa Aliyeirudia Nchi ya Utumwa Wake

Ifikapo tarehe 17 Machi kila mwaka, barabara za Dublin na New York hufurika watu waliovaa kijani, na mto wa Chicago hutiwa rangi iyo hiyo, desturi iliyoanza mwaka wa 1962. Hiyo ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ireland. Aghalabu wanaosherehekea humkumbuka kwa ngano mbili: kwamba aliwafukuza nyoka wote kisiwani, na kwamba alitumia jani dogo lenye sehemu tatu kuufafanua Utatu wa Mungu. Ngano hizo ni tamu, lakini si historia. Ireland haikuwa na nyoka wa kufukuzwa tangu enzi ya barafu, na kisa cha jani kilianza kuandikwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya kufa kwake. Makala haya yanamtazama Patrick kupitia maandishi mawili aliyoyaacha mwenyewe kwa Kilatini: Ungamo lake, na waraka wake kwa askari wa Coroticus.

Patrick aliishi katika karne ya 5. Hakuzaliwa Ireland bali Uingereza, katika jamii iliyolelewa chini ya ustaarabu wa Kirumi. Babake, Calpornius, alikuwa shemasi, na babu yake, Potitus, alikuwa kasisi. Licha ya malezi hayo, kijana huyo hakuijali dini. Alipokaribia umri wa miaka 16, wavamizi kutoka Ireland walimteka pamoja na umati wa watu wengine, wakamvusha bahari na kumtia utumwani.

Kwa miaka 6 alichunga mifugo ya bwana wake katika mvua na theluji. Upweke ulimrudisha kwa Mungu aliyempuuza, akawa anasali mara nyingi mchana na usiku. Sanjari na hayo, aliishi miongoni mwa watu wa lugha ngeni, naye akaizoea lugha hiyo katika umri ambao wenzake nyumbani walikuwa wakinolewa kwa Kilatini. Hatimaye alisikia sauti usingizini ikimwarifu kwamba chombo kilikuwa tayari. Akatoroka, akasafiri kiasi cha maili 200 hadi pwani, akaabiri merikebu ambayo nahodha wake alikuwa amekataa kwanza kumpakia.

Jamaa zake walipompokea walimsihi asiondoke tena. Hata hivyo, aliota ndoto akamwona mtu aitwaye Victoricus akimletea barua, na ndani yake akasikia sauti ya watu wa Ireland wakimwita arudi atembee kati yao. Basi akarudi akiwa askofu. Hakuwa askofu wa kwanza huko, kwani mnamo 431 Papa Celestine alikuwa amemtuma Palladius. Lakini Patrick alifika hata sehemu za mbali ambazo hazikuwa zimefikiwa na mhubiri yeyote, akabatiza maelfu, na akakataa zawadi asije akadhaniwa kuwa mchuuzi wa dini.

Jaribio kubwa lilitoka kwa Wakristo wenzake. Askari wa Coroticus, mtawala aliyejiita Mkristo, waliwashambulia waumini waliobatizwa jana yake tu. Baadhi waliuawa, wengine walitekwa ili wauzwe. Patrick alituma ujumbe kuomba mateka waachiliwe, nao askari wakaucheka. Ndipo alipoandika waraka mkali akiwatenga wauaji hao na ushirika wa Kanisa hadi watubu na kuwaweka huru waliotekwa. Hasira iliyomo humo ni ya mtu aliyeujua utumwa kwa mwili wake.

Mwanafunzi wa lugha atavutiwa zaidi na Ungamo. Patrick aliliandika uzeeni, baada ya wakubwa wake kumshutumu kwa kosa la ujanani ambalo rafiki aliyeaminiwa alilifichua. Humo anakiri mara kwa mara kwamba Kilatini chake ni kikavu, kwa kuwa elimu yake ilikatizwa, na kwamba kwa muda mrefu alichelea kuandika asichekwe na wasomi. Aliandika hata hivyo. Leo maneno ya wasomi aliowaogopa hayajulikani, ilhali Ungamo lake limehifadhiwa, nakala yake mojawapo ikiwa katika Kitabu cha Armagh cha karne ya 9.

Sikukuu yake iliingizwa katika kalenda ya Kanisa lote katika karne ya 17 kwa juhudi za Luke Wadding, mtawa Mfransisko kutoka Ireland. Mwaka wa 1903 ikafanywa siku ya mapumziko nchini humo. Hapa Kenya jina lake si geni. Shirika la wamisionari la Mtakatifu Patrick, lililoanzishwa Ireland tarehe 17 Machi 1932, lilileta mapadre Turkana na Kitui. Na shule ya Mtakatifu Patrick kule Iten ndiko alikosomea Peter Rono, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mwaka wa 1988.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Patrick aliletwa mara ya kwanza kwa kamba, akaja mara ya pili kwa hiari, na lugha aliyoizoea utumwani ikawa daraja la kuwafikia waliomtesa. Nasi tunaojikunyata kwa hofu ya kusahihishwa, na tushike kalamu.