Bruce Lee na Daftari Lake

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wapenzi wasomaji, ni nani kati yetu asiyemjua Bruce Lee? Mateke yake ya filamuni twayajua sote. Wachache wanajua kuwa jamaa huyu alikuwa pia mtu wa vitabu na kalamu.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba 1940, akalelewa Hong Kong. Huko alifunzwa kungfu na mwalimu Ip Man. Mwaka wa 1959 alirudi Marekani, na 1961 akaingia Chuo Kikuu cha Washington. Maishani alikusanya vitabu zaidi ya 2,000. Hakubagua: alisoma hata vya ndondi na vya kupigana kwa upanga. Mbinu iliyomfaa aliinakili na kuichora, kisha akaijaribu kwa mwili wake, maana maandishi bila mazoezi ni bure.

Mwaka wa 1970 aliumia mgongo akinyanyua vyuma. Madaktari wakamwambia asahau mateke. Alilala kitandani miezi mingi, lakini hakulala bure! Alisoma, akaandika, akajaza madaftari. Alipopata nafuu alirudi mazoezini, akacheza filamu zilizovuma duniani kote.

Alifariki tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32 tu. Mwaka wa 1975 maandishi yake yalichapishwa katika kitabu kiitwacho Tao of Jeet Kune Do. Mwili ulizikwa, lakini mbinu zake bado zasomwa. Je, mwenzangu, ya mwalimu wa leo umeyaandika wapi?