Humphry Davy: Mtu Aliyetoa Metali Ndani ya Majivu

Majivu ni kitu cha kila siku. Tunayazoa jikoni asubuhi. Tunayatumia kusugulia sufuria. Wengine huyachanganya na mbegu za maharage ili zisibunguliwe. Nani angefikiri kwamba ndani ya majivu mna metali? Lakini imo. Mtu wa kwanza kuitoa alikuwa Mwingereza, jina lake Humphry Davy.

Ujana wake

Davy alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 katika mji mdogo wa Penzance, kusini-magharibi ya Uingereza. Nchi ile ilikuwa na migodi ya bati na shaba. Baba yake alikuwa mchonga mbao. Alifariki mwaka 1794, akaacha madeni na watoto watano. Humphry ndiye aliyekuwa mkubwa. Mwaka uliofuata aliwekwa kwa tabibu mmoja ili ajifunze kazi ya dawa.

Davy hakusoma chuo kikuu. Kemia alijifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu na kufanya majaribio. Kemia ni elimu ya kujua vitu vimeundwa na nini, na vinageukaje.

Mwaka 1798 alikwenda mji wa Bristol kuchunguza kama hewa za namna mbalimbali zinaweza kutibu wagonjwa. Alikuwa na tabia ya kuzijaribu kwa kuzivuta yeye mwenyewe. Siku moja alivuta hewa yenye sumu ile ile inayotoka katika jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Nusura afe. Jambo hilo tusimwige.

Umeme na majivu

Mwaka 1801 alihamia London. Wakati huo betri ilikuwa kitu kipya, kwani ilitangazwa mara ya kwanza mwaka 1800 na Mwitalia Alessandro Volta. Davy aliwaza kwamba kama umeme unaweza kutenganisha maji, basi huenda ukatenganisha na vitu vingine.

Ukichuja maji katika majivu ya kuni, kisha ukayachemsha mpaka yakauke, unabaki unga mweupe. Unga huo ukichanganywa na maji ya chokaa hupata ukali wa kuunguza ngozi. Watu wa Ulaya waliutumia kutengenezea sabuni. Lakini hakuna aliyeweza kuugawa ili kuona ndani yake mna nini.

Mwezi Oktoba 1807 Davy alichukua kipande cha kitu hicho kikali, akakilowesha kidogo, akapitisha umeme wa betri kubwa. Kikaanza kuyeyuka. Mara vikatokea vitone vidogo vinavyong'aa kama zebaki. Vingine vililipuka na kuwaka moto pale pale. Davy alifurahi sana, akarukaruka na kucheza chumbani kama mtoto.

Metali hiyo ni potasiamu. Siku chache baadaye alitoa nyingine, sodiamu. Hiyo imo katika chumvi tunayokula, na imo katika magadi kama yale ya Ziwa Magadi huko Kenya. Mwaka 1808 alitoa pia kalsiamu, ambayo imo katika chokaa na katika mifupa yetu.

Lakini watu walikuwa na mashaka. Metali waliyoijua ni nzito na ngumu, kama chuma na shaba. Potasiamu ni laini, inakatwa kwa kisu. Ni nyepesi, inaelea juu ya maji, tena inawaka juu ya maji hayo. Je, hii ni metali kweli? Davy alisema ni metali. Ukiikata inang'aa kama fedha, na inapitisha joto na umeme vizuri. Uzito peke yake hautoshi kuwa kipimo.

Vitu kama kiberiti na klorini ni simetali. Havina mng'ao wa metali, wala havipitishi umeme. Mwaka 1810 Davy ndiye aliyeonyesha kwamba klorini haikuchanganyika na kitu kingine. Siku hizi klorini hutiwa katika maji ya bomba kuua vijidudu.

Taa ya wachimbaji

Tarehe 25 Mei 1812 mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini ya Uingereza, ulilipuka. Watu 92 walikufa, wakubwa na watoto. Katika migodi hiyo hutoka hewa inayoshika moto, na wachimbaji walitumia taa zenye moto wazi.

Mwaka 1815 Davy aliombwa msaada. Aliizungushia taa wavu wa waya wenye matundu madogo sana. Kwa nini wavu? Shika kijiko cha chuma ndani ya uji wa moto, kisha shika mwiko wa mti. Chuma kitakuunguza upesi, kwa sababu metali hupitisha joto haraka. Wavu nao hulichukua joto la moto na kulitawanya. Hewa iliyo nje haipati joto la kutosha kuwaka.

Davy hakudai malipo kwa taa hiyo. Wenye migodi walimpa zawadi ya vyombo vya fedha. Hata hivyo vifo havikwisha. Kwa kuwa sasa taa ilikuwapo, wachimbaji walipelekwa mahali pa hatari palipokuwa pamefungwa zamani. Tena waya ulipata kutu na kutoboka.

Wakati huo huo George Stephenson, fundi wa mitambo migodini, alitengeneza taa yake ya usalama. Stephenson alijifunza kusoma akiwa na umri wa miaka 18, katika masomo ya usiku. Davy hakukubali kwamba fundi kama huyo angeweza kubuni taa, akamwita mwizi. Naona hapo alikosa, maana hata yeye alijisomesha mwenyewe.

Davy alifariki Geneva, nchini Uswisi, tarehe 29 Mei 1829, akiwa na umri wa miaka 50. Vile vyombo vya fedha viliuzwa baadaye. Fedha iliyopatikana ilitumika kuanzisha nishani ya wataalamu wa kemia, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1877.