SULTANI WA KILWA NA SARAFU ISIYO NA SURA

Ndugu msomaji, hebu toa sarafu mfukoni uitazame. Juzi nilitumwa omena hapa Migosi, nikarudishiwa sarafu mbili za shilingi kumi. Moja, ya zamani, ilikuwa na kichwa cha rais. Nyingine, ya mwaka 2018, ina simba, kwa sababu Katiba yetu ya 2010 inakataza sura ya mtu kwenye pesa. Nikajiuliza, sasa mkubwa atakumbukwa kwa nini? Jibu nililipata kwa mfalme aliyefariki karibu miaka 700 iliyopita.

Sultani al-Hasan bin Sulaiman alitawala Kilwa, kisiwa cha kusini mwa Tanzania, mwanzoni mwa karne ya 14. Ujanani alikwenda kuhiji Makka, akakaa Aden kusoma dini. Wakati wa utawala wake mji ulitajirika kwa dhahabu ya Sofala, naye anatajwa kuwa ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa. Alitoa sarafu za shaba na chache za dhahabu. Hazina kichwa chake, zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, tena kwa vina! Wanachama wenzangu, hilo ni shairi la mfukoni. Sarafu yake moja ilipatikana mbali kule Great Zimbabwe.

Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta mtu mnyenyekevu anayekula na maskini. Ijumaa moja baada ya sala, fukara kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani hakumwambia arudi kesho. Aliingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile.

Hapo nilitaka kumaliza nikisema alikuwa mtakatifu. Lakini habari inaendelea. Mwanawe alizichukua zile nguo kwa fukara, akampa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Walitoka wapi? Msafiri huyohuyo anaeleza kwamba sultani alizoea kushambulia nchi za bara na kuteka nyara. Kumbe zawadi zenyewe zilikuwa watu, wenye mama zao na vijiji vyao! Majina yao hayakuandikwa popote.

Alipofariki, ndugu yake Daud alitawala. Huyo aliwaambia waombaji kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Nakubali. Ila tuulize pia kinachotolewa kimetoka kwa nani. Mimi ningepewa kazi ya kutengeneza sarafu ya kumkumbuka, upande mmoja ningeandika jina lake, kwa heshima. Upande wa pili ningechora watu ishirini.