Mama Wilson: Bosi wa ndege ambaye sifa zake zilienda kwa marubani

Jumapili iliyopita pale Kibuye, katikati ya kelele za wauza mitumba, dogo mmoja wa mtaa alinionyesha barua ya chuo. Amepata nafasi ya kusomea usimamizi wa usafiri wa ndege. Mamake, anayeuza samaki hapo sokoni, anataka kujua kitu kimoja tu: kama mtoto hatakuwa rubani, karo yote hiyo ni ya nini?

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sikuwa na jibu la haraka. Lakini kuna mama mmoja ambaye maisha yake ni jibu. Jina lake unalijua hata kama hukujua ni la mtu: Florence Kerr Wilson, yule wa Wilson Airport, Nairobi. (Usimchanganye na Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli, ambaye Kisumu iliitwa Port Florence kwa heshima yake.)

Florence alikuwa mlowezi Mwingereza. Mumewe alipofariki alibaki na pesa, na kwa umri wake wengi wangetarajia atulie nyumbani. Yeye, mwaka wa 1929, akafungua kampuni ya ndege, Wilson Airways. Mwanzoni alikuwa na ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth, na rubani wake wa kwanza alikuwa Tom Campbell Black.

Sasa cheki hapa. Campbell Black alikuja kushinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne mwaka wa 1934. Beryl Markham, ambaye Campbell Black alimfunza kuruka, alivuka Atlantiki peke yake mwaka wa 1936. Hao ndio waliovuma magazetini. Lakini rubani akishashuka kwenye ndege, kuna mtu anayebaki na maswali: mafuta yatalipwa na nani? Ndege ikiharibika na kipuri kiko Uingereza, kinakuja kwa meli, abiria wa wiki hii watapanda nini? Makenika watalipwa vipi? Huo ndio usimamizi, na huo ndio uliokuwa mzigo wa Mama Wilson.

Kazi hiyo ilifika mpaka kwetu. Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari za kutoka London hadi Afrika Mashariki. Kutoka Khartoum, ndege zenye uwezo wa kutua majini zilifuata Mto Nile kuja kusini, zikatua ziwani hapa Kisumu kabla ya kuendelea Mwanza. Barua na abiria wa Nairobi je? Hapo ndipo ndege ndogo za Wilson ziliingia, zikiunganisha Nairobi na Kisumu. Ndege kubwa ikichelewa, ile ndogo ingoje au iondoke? Ikingoja, abiria wengine wanakwama. Ikiondoka, inaruka tupu na mafuta yanaenda bure. Hakuna rubani hodari anayeweza kutatua hiyo akiwa angani. Inapangwa chini, mapema, kwa kalamu na ratiba.

Alijenga kampuni hiyo kwa miaka 10. Halafu vita vikuu vikaanza mwaka wa 1939, serikali ikachukua ndege na marubani wake kwa kazi ya kijeshi, na mwaka wa 1940 Wilson Airways ikafungwa. Uwanja wake wa Nairobi West ukabaki ukifanya kazi, na mwaka wa 1962 ukapewa jina lake.

Najua kuna mtu atasema: si unaona, Mama Wilson hakuwa na digrii ya usafiri wa ndege na alitoboa? Tulia kwanza. Alikuwa na mtaji mfukoni na alikuwa mzungu ndani ya koloni. Mwafrika wa Kisumu wa 1931 angeweza kubeba magunia ya barua, lakini kiti cha meneja hakikuwa chake. Mtoto wa Kibuye hana urithi wa kununua ndege. Karatasi ndiyo mtaji wake.

Siku hizi njia zipo. Embakasi kuna chuo cha East African School of Aviation, kilichoanzishwa mwaka wa 1954, na vyuo vikuu kadhaa nchini vina kozi za namna hii. Ila kabla ya kulipa hata shilingi, uliza: kozi imeidhinishwa? Wanafunzi wanapata nafasi ya mafunzo kazini, kwenye viwanja au mashirika? Digrii peke yake haikuandiki kazi.

Nilimweleza yule mama hivi: samaki wako akichelewa kufika sokoni, jua linapanda na bei inashuka. Kiti cha ndege ni kibaya zaidi. Mlango ukifungwa kabla hakijauzwa, hakiuzwi tena hata kwa bei ya kutupa. Kuna mtu anayesomea kuhakikisha ndege hairuki na viti vitupu, haichelewi, na haikosi kipuri. Hiyo ndiyo kozi ya mtoto wako.

Alinyamaza kidogo, akageuza tilapia mmoja kwenye meza. Kisha akamuuliza kijana wake karo inalipwa lini.