Corot, Mchora Picha wa Ukumbusho

Jean-Baptiste-Camille Corot alizaliwa katika mji wa Paris, nchi ya Ufaransa, mwezi wa Julai 1796. Wazazi wake walikuwa na duka: mamaye alikuwa fundi wa kofia za wanawake, na babaye alisimamia biashara. Camille alipomaliza masomo, babaye alimtia katika kazi ya kuuza nguo. Hakuipenda hata kidogo, walakini alitii, akavumilia miaka kadhaa.

Hata mwaka 1822, alipokuwa na umri wa miaka 26, aliomba ruhusa ya kuwa mchora picha. Mzee hakufurahi, maana aliona kazi hiyo ni mchezo tu. Lakini hakumfukuza mwanawe. Alimwekea posho ya faranga 1,500 kwa mwaka, kiasi cha kumtosha mtu asiye na makuu.

Mwaka 1825 Corot alikwenda Italia, akakaa huko karibu miaka 3. Alitoka na rangi zake akachora vitu kama alivyoviona kwa macho: majengo ya kale ya Roma, daraja lililovunjika la Narni, na mwanga wa jua juu ya mawe. Alijizoeza pia njia yake ya kukumbuka. Katika daftari alitia duara mahali penye mwanga mwingi, na mraba mahali penye giza, ili akirudi chumbani ajue hali ilivyokuwa.

Basi kukumbuka huko ndiko kulikompa sifa. Katika uzee wake picha nyingi alizichora chumbani, akaziita ukumbusho. Hakutaka kuhesabu majani ya mti. Alitaka mtazamaji auone tena utulivu wa asubuhi ile, na ukungu uliokuwa juu ya maji. Iliyo mashuhuri ni Ukumbusho wa Mortefontaine, aliyoionyesha Paris mwaka 1864. Ndani yake mna ziwa lililotulia; kulia mti mkubwa umeinama, na kushoto mwanamke na watoto wawili wako penye mti mwembamba. Rangi zake ni laini, zina kijivu cha fedha. Napoleon III aliinunua, na sasa imo katika jumba la Louvre.

Mtu asidhani kwamba sifa hiyo ilikuja upesi. Corot alikaribia miaka 50 naye bado akila posho ya wazazi wake, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wachache mno. Serikali ilimpa nishani mwaka 1846, na mwaka uliofuata babaye alikufa. Hivyo mzee aliwahi kuona kwamba ule haukuwa mchezo.

Fedha zilipoingia hakuzifungia sandukuni. Mchoraji Daumier, aliyekuwa maskini na macho yake yakififia, alipewa nyumba ya kukaa. Mjane wa mchoraji Millet alipewa faranga 10,000 mwaka 1875. Mwaka huohuo, tarehe 22 Februari, Corot mwenyewe alifariki. Hakuwa ameoa.

Wengi wetu tutakaporudi nyumbani tutakuta wazazi wamekwisha tuchagulia kazi. Mwenye kutaka kazi nyingine na aombe kwa adabu, kama Corot. Na akikubaliwa, asiichezee posho ya babaye.